Jina la Nne katika Rejista ya Hortense

Kila asubuhi saa mbili kamili, baada ya chai na maombi, Hortense alisimama mbele ya ukuta wa sebule yake kule Kikula, mjini Likasi, akafungua daftari kubwa lenye jalada gumu, na kuita majina ya watoto aliowazaa mwenyewe, waliokuwa wamekaa hatua mbili tu mbele yake.

"Sephora."

"Présente."

"Hénoc."

"Présent."

"Jessy. Jessy, toka chini ya meza."

"Présente, Maman," sauti ilijibu kutoka chini ya meza.

Majirani waliopita dirishani walicheka, na sioni kwa nini wasicheke. Mama mwenye watoto watatu ndani ya chumba kimoja anahitaji rejista ya nini? Lakini Hortense hakujua kufanya mambo nusu nusu. Alipoamua kuwafundisha wanawe nyumbani alitaka iwe shule kweli, yenye mapumziko ya saa nne na kengele ya kuyatangaza, hata kama kengele yenyewe ni kifuniko cha sufuria. Ubao ulikuwa kipande cha ukuta alichokipaka unga mweusi wa betri kuukuu, uliochanganywa na majani ya matembele yaliyopondwa, kama walimu wa hapa walivyofanya tangu zamani. Kila baada ya miezi miwili aliupaka upya, na Jessy, kitinda mimba wa miaka sita, alimsaidia kwa kujipaka mwenyewe, na siku moja kwa kumpaka paka wa jirani.

Rejista hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake. Aliichora mistari kwa mkono: jina, mwaka wa kuzaliwa, mzazi mhusika, kisha siku za mwezi, P kwa aliyekuwepo na A kwa aliyekosa. Pembeni aliacha nafasi ya maneno, na hapo hakujizuia. "Hénoc: yupo kwa mwili." "Jessy: amehudhuria, amelala, ameamka, ameomba mkate." Siku moja ya masika, mvua ilipokuwa ikivuja juu ya madaftari, alijiandika mwenyewe: "Mwalimu amekasirika bila sababu. Ameomba msamaha saa tano." Kwake rejista inayosema uongo haifai hata kuwashia moto.

Yote yalianza mwaka ule wa corona, shule zilipofungwa na Sephora, mtoto wa kwanza, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza herufi. Zilipofunguliwa, Hortense alimrudisha shuleni kwa moyo mmoja. Darasa lilikuwa na watoto tisini na wanne. Kwa miezi mitatu mwalimu alimwita Sephora "weye wa sweta nyekundu", na siku Sephora alipovaa sweta ya bluu akaandikwa kuwa hakuja. Hortense hakumlaumu mwalimu. Mwanadamu mmoja mbele ya watoto tisini na wanne, hata malaika angechanganya majina. Lakini alirudi nyumbani na wazo. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma miaka minne ya ualimu kabla ya kuolewa, na elimu hiyo ilikuwa imekaa kabatini pamoja na sahani za harusi. Jumapili iliyofuata pasta Osée alihubiri juu ya wazazi kuwafundisha watoto neno la Mungu wakiwa wameketi nyumbani na wakiwa njiani. Pasta alikuwa akisema habari za maombi. Hortense alisikia maombi, na pia jedwali la kuzidisha na mito yote ya Kongo.

Tangu hapo hakurudi nyuma. Kila mwisho wa mwaka aliwapeleka watoto kwa mkurugenzi wa shule ndogo karibu na kanisa, wakafanya mtihani pamoja na wengine, na kila mara walirudi wamefaulu. Angekuwa mama mwenye amani kabisa, kama mume wake asingekuwa na dada.

Dada huyo aliitwa Gertrude. Alikuwa ameshika chaki miaka thelathini na minne, akastaafu akiwa mkuu wa shule, na bado alitembea na kalamu nyekundu ndani ya mkoba kama wengine wanavyotembea na rozari, ingawa rozari nayo ilikuwemo. Alikaa Panda, upande mwingine wa mji, katika nyumba yenye maua yaliyopangwa mistari kama wanafunzi. Wazazi wao walipofariki, mdogo wake Mukendi alikuwa na miaka minane, na Gertrude ndiye aliyekuwa mama na baba yake. Mpaka leo, Mukendi mwenye ndevu na watu kumi na wawili chini yake kwenye machimbo ya Kambove, Gertrude akiingia chumbani yeye husimama, na kumwita Yaya, yaani dada mkubwa.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, Gertrude aliingia, Mukendi akasimama, na mfuko wa plastiki ukawekwa mezani. Ndani yake mlikuwa na sketi ya bluu na blauzi nyeupe.

"Mama Sephora, sikukuya kugombana na weye," Gertrude alisema, akikaa. "Sephora sasa anaingia sixième, kalasi ya mwisho. Mwezi wa kenda atakuya kwangu ku Panda, masomo ya primaire iko pembeni ya nyumba. Uniforme nilisha kumushonea."

"Maman Gertrude, lakini anasoma. Anasoma hapa."

"Hapa ni sebule. Minye sisemi mutoto hana akili. Ninasema mutoto wa famille yetu hawezi kumaliza primaire mu sebule ya mama yake. Batu banasema." Alimwonyesha Mukendi kwa kidevu. "Uyu, baba na mama balikufa, nilimutuma ku Kolwezi kwa noko Carlos, akasoma kule mpaka akapata certificat. Aliharibika? Mutoto ni wa famille. Na Sephora tutamulea, tutamukomalisha vile vile."

Mukendi aliangalia viatu vyake. Hortense alimwangalia Mukendi. Na hapa lazima niseme kitu ambacho watu wawili tu duniani walikijua wakati ule, ukiacha watoto, ambao hujua kila kitu.

Mukendi hakusoma Kolwezi. Noko Carlos, mjomba wao, alimpokea vizuri, akamlisha siku tatu, na siku ya nne akamtuma mtoni kuosha mawe ya shaba pamoja na wanaume wazima. Miaka minne ikapita hivyo. Aliporudi Likasi alikuwa na miaka kumi na miwili na mikono ya mzee. Dada yake alimkimbilia mlangoni akauliza, "Certificat iko wapi?" na mtoto, kwa kuona furaha ile, akajibu kwamba ilipotea kwenye treni. Gertrude akachinja kuku. Baada ya kuku hakuna njia ya kurudi nyuma. Mukendi alijua kuandika jina lake, alijua kuhesabu haraka kuliko mtu yeyote, na kwa mengine yote alikuwa na miwani. Kanisani wakimpa Biblia asome, alisema ameisahau miwani nyumbani. Hakuihitaji miwani hata kidogo. Aliinunua sokoni makusudi, ili akisema ameisahau isiwe uongo mtupu.

Mwaka jana wenzake wa kikundi cha maombi walimchagua awe kiongozi wao, na kiongozi wa maombi hawezi kusahau miwani kila Jumatano. Alizunguka na wazo hilo siku mbili. Siku ya tatu alimfuata mkewe jikoni, akasimama pale akichezea kifuniko cha sufuria, ile kengele.

"Mama Sephora," alisema, "mu masomo yako kungali nafasi?"

Hortense alitaka kulia lakini alimwambia asugue mikono, chaki haipendi mafuta. Walisoma Jumatatu na Alhamisi saa kumi na moja jioni, Mukendi akitoka Kambove, watoto wakitumwa kucheza nje, wakicheza chini ya dirisha. Na kwa kuwa rejista haisemi uongo, Hortense aliandika jina la nne: Mukendi Barthélemy. Alijaza mwaka wa kuzaliwa. Kwenye nafasi ya mzazi mhusika, ambako kwa watoto aliandika "Mukendi na Hortense", alisita, akamwuliza mwanafunzi wake, na yeye akamtajia jina bila kufikiri mara mbili. Hortense akaandika. Kisha Mukendi akamwapisha mbele ya Mungu kwamba hatamwambia mtu, na kuliko watu wote, Gertrude.

Kwa hiyo Jumapili ile, Gertrude aliposifu masomo ya Kolwezi, Hortense alikuwa na sentensi moja mdomoni ambayo ingemaliza kesi. Muulize mdogo wako alisoma nini kule. Aliimeza pamoja na mate.

"Samedi nitakuya asubui," Gertrude alisema akiinuka, akiipa nyumba nzima mpaka Jumamosi. "Nitaangalia macahiers ya batoto, nitaangalia registre. Kama ni masomo ya kweli, tutasemezana. Kama ni muchezo, Sephora anafunga mufuko."

Gertrude alipoondoka, Sephora alijaribu sketi. Shangazi alikuwa ameshona kwa vipimo vya mwaka jana, na katika mwaka huo Sephora alikuwa amerefuka bila kumwarifu mtu. Sketi iliishia juu ya magoti. Hata hivyo msichana alizunguka mbele ya kioo mara mbili, na Hortense aliyeona kutoka mlangoni aliumia moyo, akakasirika kwa sababu ya kuumia.

"Unapenda kwenda kwa Tante Gertrude?" alimwuliza.

Sephora alifikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri kabla ya kujibu. "Ninapenda jupe," alisema. "Kwenda, sijue."

Juma lile Hortense aliomba kila mahali, hata akikanda unga, hata akianika nguo. Kwa kawaida maombi yake yalikuwa ya shukrani na ya kuchangamka, lakini sasa yalikuwa mabishano. Mtoto ni wa nani, Bwana? Ukoo wa baba una mkono wake juu yake, na serikali, na kanisa, hata majirani wana la kusema. Lakini mtoto akikohoa alfajiri, anayeamka ni mmoja. Kisha alijishuku. Pengine si imani, pengine ni kiburi cha mama anayependa kuitwa mwalimu. Gertrude hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewafundisha nusu ya watu wa Panda kuandika majina yao. Na bado, Hortense alikumbuka mtoto mwingine wa ukoo huu aliyetumwa kwa ndugu ili asome, na mikono aliyorudi nayo. Hofu hiyo haikumtoka, na hakuweza kumwambia mtu ila Mungu, ambaye alikuwa anaijua.

Jumatano ndipo alipokumbuka rejista. Gertrude amesema ataitazama, na jina la nne limo, kila Jumatatu na kila Alhamisi, kwa wino.

Hortense alinunua daftari jipya. Alichora mistari, akaanza kuandika upya mwezi wa kwanza, majina matatu tu, P, P, P. Hakuwa amefika tarehe kumi Hénoc alipokuja kuegemea meza.

"Maman, unakopie?"

"Ninaandika muzuri."

"Hapana, unakopie. Na kuko jina unaruka." Mtoto wa miaka minane hana huruma. "Ulisema mutu wa kukopie anapata zéro."

Hortense alifunga daftari jipya, akampa Hénoc alichorechore. Alhamisi, baada ya somo, alimweleza Mukendi.

"Nilikuapia sitasema," alimwambia. "Na sitasema. Lakini registre haikuapa kitu."

Mukendi alifuta chaki mikononi. "Fanya vile utaona," alisema. Ijumaa asubuhi akaenda Kambove, akatuma habari kwamba kazi ni nyingi, atalala kule, Jumamosi asimngoje. Hortense alisoma ujumbe huo mara mbili. Mume wake aliyekuwa akiingia shimoni bila kuogopa alikuwa amemkimbia mwalimu mstaafu wa miaka sitini na minne. Alikasirika kweli, na wala hakuomba msamaha saa tano.

Jumamosi Gertrude alifika saa moja na nusu. Alikaa nyuma, kwenye kiti kifupi, mkoba magotini, kama mkaguzi. Watoto waliomba kwa sauti kubwa kama wanavyoomba kanisani kwao, na mwisho, wao walipoitikia Amina, yeye alifanya ishara ya msalaba bila kuona haya. Kifuniko cha sufuria kikapigwa. Jessy akasoma ukurasa mzima akiwa juu ya kiti na si chini ya meza. Hénoc akachora mto Kongo ubaoni toka chanzo chake Katanga mpaka baharini, akaweka nukta ya Likasi kubwa kuliko ya Kinshasa. Sephora akafanya hesabu za sehemu, na chini yake akaandika sentensi ya Kifaransa kwa mwandiko mzuri: Notre ville est entourée de collines, mji wetu umezungukwa na vilima. Gertrude alimwuliza swali, na jingine, na jingine, mpaka akafika kwenye swali ambalo Sephora hakulijua.

"Sijue, Tante," Sephora alisema. "Nitatafuta, nitakuambia."

Gertrude aliacha kuuliza. Katika miaka thelathini na minne, ni watoto wachache waliomwambia hivyo bila kutetemeka.

Kalamu nyekundu haikutoka mkobani asubuhi nzima. Hortense alianza kupumua. Kisha Gertrude akasema, kwa sauti laini kuliko ile ya Jumapili, na laini hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi, "Unafundisha muzuri. Sikatae. Lakini mutoto hapana wa mutu moya, Mama Sephora. Minye sikumuzaa Mukendi, na leo ni mutu, juu nilikubali kumutuma kwa bengine. Weye unaogopa nini?"

Sentensi ile ilirudi mdomoni mwa Hortense, nzima, na ladha yake. Sephora alikuwa anamtazama. Hortense aliona binti yake akifungasha mfuko, akaona nafasi yake mezani, akaona pia uso wa Mukendi jikoni, akichezea kifuniko.

"Ninaogopa siku Mungu ataniuliza batoto bangu balikuwa wapi," alijibu, "na niseme sijue." Ilikuwa kweli, na haikuwa siri ya mtu mwingine.

Gertrude alifungua mkoba. Alivaa miwani yake, ya kweli hiyo, akanyoosha mkono. "Leta registre."

Hortense alimpa ile ya zamani. Daftari jipya lilikuwa limekwisha kujaa treni na tembo za Hénoc. Gertrude alifungua mwezi wa nane, akasimama, na kama mkuu yeyote wa shule akaita majina mwenyewe, kwa sauti ambayo iliwahi kufika mwisho wa uwanja.

"Mukendi Sephora."

"Présente."

"Mukendi Hénoc."

"Présent."

"Mukendi Jessy."

"Présente, Tante."

"Mukendi Bar..." Kidole kilisimama. "Barthélemy. Uyu ni nani?"

Jessy aliangalia dari. Hénoc aliangalia mto Kongo. Hortense alishika kifuniko cha sufuria kwa mikono miwili.

"Ni mwanafunzi," alisema.

"Ni jina ya muloko yangu, mudogo wangu. Ninauliza, ni nani?"

"Présent, Yaya."

Sauti ilitoka mlangoni. Mukendi alikuwa amesimama pale na buti zake za machimboni, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametoka Kambove kabla ya jua, na tangu mto Kongo ulipoanza kuchorwa alikuwa nje chini ya dirisha, mahali pale pale watoto wake walipozoea kusikilizia. Alivua kofia. Hakuna aliyemwambia akae, na yeye hakukaa.

"Yaya, ku Kolwezi sikusoma," alisema. "Noko Carlos alinituma mu mutoni, kusafisha mawe. Miaka yote mine. Certificat haikupotea mu treni. Haikukuwako." Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kikasha cha miwani, akakiweka mezani mbele ya dada yake. "Na iyi malunette ni ya bongo, ya kudanganya."

Mukendi aligeukia ubao. Aliweka kidole chini ya sentensi ya binti yake, na akasoma, polepole, akipumzika kati ya neno na neno kama mtu anayepanda kilima na mzigo. "Notre. Ville. Est. En-tou-rée. De. Col-lines." Hortense alimwona Gertrude. Midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja na ya mdogo wake, bila sauti, neno kwa neno, kama mwalimu wa darasa la kwanza anavyomsaidia mtoto avuke.

Alipomaliza, Gertrude alikaa. Alivua miwani, akaifuta, akavaa, akavua tena. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyaficha.

"Na minye nilichinja kuku," alisema.

"Ndiyo, Yaya."

"Kuku ya mayai, Mukendi. Ile kuku ilikufa bure."

Aliyeanza kucheka ni Sephora, akajaribu kuzuia kwa mkono, na kicheko kikatokea puani. Kisha Hortense, kisha Mukendi mwenyewe, akifuta uso kwa kofia na kuuchafua zaidi. Gertrude alikuwa wa mwisho. Alicheka huku akilia, akishika mkono wa mdogo wake na kuugeuza, akitazama kiganja kama mtu anayesoma barua iliyochelewa miaka mingi. "Nilikutuma minye," alisema chini chini. "Minye njo nilikutuma." Mukendi alimwambia kwamba wakati ule yeye Gertrude alikuwa na watoto wake mwenyewe watatu, wadogo bado, angefanya nini tena. Hakumaliza. Mukendi alipiga magoti pale pale mbele ya dada yake, na kwa muda watoto walitumwa uani, wakaenda chini ya dirisha.

Lakini mkuu wa shule ni mkuu wa shule. Walipoitwa tena ndani, Gertrude alikuwa amerudi kwenye rejista, kidole kikitembea kwenye mstari wa nne. Jina. Mwaka wa kuzaliwa. Mzazi mhusika. Hapo alisoma mara mbili, kwa sababu palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko wa Hortense, Gertrude.

"Nani aliandika hapa?"

"Minye," Hortense alisema. "Lakini yeye njo alinitajia. Hakufikiri hata kidogo."

Gertrude alimtazama huyu mke wa mdogo wake ambaye juma zima alikuwa na neno la kumwangusha na hakulisema. Sidhani alimpenda kabla ya siku ile. Aliheshimu mapishi yake tu. Kisha akapandisha kidole mpaka mstari wa kwanza, wa Sephora, akasoma safu ile ile.

"Mukendi na Hortense," alisoma. Akainua uso. "Basi. Sephora iko na bazazi bake. Inaandikwa hapa."

Hortense alikaa kwenye kiti cha Jessy. Alimshukuru Mungu kwa maneno mawili, mengine hakuyapata.

"Ile jupe iko fupi, nilikosea vipimo," Gertrude aliendelea, kama vile walikuwa wakizungumza nguo tangu asubuhi. "Nitafungua pindo. Ataivala hapa. Uniforme ni ya masomo, na hapa ni masomo." Sephora alikunja ngumi mbili ndogo za furaha chini ya meza. "Na sasa, mwanafunzi Mukendi."

Mukendi, aliyekuwa amekaa, alisimama.

"Février, mwezi wa mbili, absent mara tano. Bila mot, hata karatasi ya kujieleza." Kalamu nyekundu hatimaye ilitoka mkobani. "Juu ya nini?"

"Kazi, Yaya. Mvua ilijaza mashimo."

"Mu masomo yote niliongoza, mwanafunzi mwenye kukosa mara tano bila mot harudie mu kalasi mpaka akuye na muzazi wake. Règlement ni règlement. Muzazi wako ni nani?"

Mukendi alimtazama dada yake. "Ni weye," alisema.

"Njo vile." Gertrude alifunga kalamu. "Lundi, dix-sept heures. Unipitie ku Panda."

Jumatatu saa kumi na moja, majirani wa Kikula walimwona Gertrude akishuka kwenye pikipiki ya mdogo wake, mkoba begani, sketi ya bluu iliyofunguliwa pindo ikining'inia mkononi. Alimshika Mukendi kwa mkono wa shati, akavuka naye ua mbele ya watu wote, akamfikisha mlangoni na kubisha, ingawa mlango ulikuwa wazi.

Hortense alifungua rejista, akaita jina, akajibiwa. Aliweka P. Kisha, kwenye nafasi ya maneno, aliandika kwa mwandiko wake mzuri kabisa: "Ameletwa na mzazi."